Udahili wa haki: maswali kuhusu alama, vyuo na mwanafunzi aliyetoka mbali

Maswali haya huulizwa kila msimu wa maombi na wazazi, walimu na waombaji wenyewe, mara nyingine kwa hasira. Mifano mingi ni ya Marekani, kwa kuwa huko mvutano kuhusu vigezo vya kumdahili mtu umefika mahakamani tena na tena. Nchi nyingine zimeletwa pale zilipochukua njia ya kwao.

## Mambo ya msingi

1. Kuzingatia hali ngumu ya mwombaji ni kufanya nini hasa?

Ni kusoma alama pamoja na mahali zilikotafutwa. Mtihani wa SAT, ambao vyuo vya Marekani huutumia kuwapima waombaji, una alama 1600. Chukua waombaji wawili: mmoja ana 1250 na anatoka shule ambayo wenzake wengi hawavuki 1000, mwingine ana 1350 katika shule ambayo 1350 ni ya kawaida kabisa. Anayesoma mafaili yao hajiulizi tu nani yuko juu. Anajiuliza pia kila mmoja amefanya nini na kile alichokikuta.

Wengi hudhani hii ni kumwongezea mtu alama kwa huruma. Kuna mifumo inayoongeza alama kweli (tazama swali la 7 na la 11), lakini katika vyuo vingi vinavyochuja sana hakuna alama inayoguswa. Kinachobadilika ni tafsiri yake.

2. Mtihani ni mmoja na usahihishaji ni mmoja. Haki gani tena inatafutwa?

Siku ya mtihani, ni kweli, wote wako sawa. Tofauti iko kwenye miaka iliyotangulia siku hiyo: nani alikuwa na mwalimu wa hisabati mwaka mzima, nani alilipiwa masomo ya ziada, nani ameurudia mtihani mara tatu. Kurudia nako kuna faida ya pekee, maana vyuo vingi vya Marekani huchukua alama bora ya kila sehemu kutoka siku tofauti na kuzijumlisha.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema mtihani ndio adui. Vigezo vingine vinanunulika kwa urahisi zaidi. Insha inaweza kupitia mikono ya mshauri wa kulipwa hadi isibaki sauti ya mtoto hata kidogo. Safari ya kujitolea ng'ambo, ala ya muziki na mchezo wa kupanda farasi vyote vinataka fedha. Swali la 10 linaeleza jinsi vyuo vilivyouacha mtihani kisha vikaurudia.

3. Anayesoma faili anajuaje shule yangu ikoje?

Kuna karatasi wanafunzi wengi hawaijui: wasifu wa shule, unaotumwa na mshauri wa shule pamoja na matokeo yako. Unaonyesha shule ina wanafunzi wangapi, alama zinatolewaje, na inafundisha masomo mangapi ya kiwango cha juu. Mwanafunzi aliyechukua masomo mawili ya juu pale yanapofundishwa mawili tu amemaliza yote yaliyokuwepo. Aliyechukua mawili pale yanapofundishwa ishirini, huyo amechagua njia ya mteremko.

Ubaya ni kwamba shule yenye mshauri mmoja kwa mamia ya wanafunzi huandika wasifu wa mistari mitano au haiutumi kabisa. Shule inayohitaji zaidi kuelezwa ndiyo inayokosa wa kuieleza.

## Kupima ugumu wa maisha

4. Ugumu wa maisha unapimwaje? Kuna namba?

Ilijaribiwa. Mwaka 2019 College Board, wenye mtihani wa SAT, walitangaza chombo kilichompa kila mwombaji namba kutoka 1 hadi 100 kuhusu mtaa na shule yake. Hamsini ilikuwa wastani, na kadiri namba ilivyopanda ndivyo hali ilivyohesabiwa kuwa ngumu. Viliangaliwa vitu kama umaskini, uhalifu na elimu ya watu wazima wa eneo hilo. Rangi haikuwemo. Vyuo viliiona namba hiyo. Mwanafunzi mwenyewe hakuonyeshwa.

Kelele zikawa nyingi. Wapo waliosema maisha ya mtu hayafupishwi kwa tarakimu mbili, wapo waliochukizwa na usiri. Ndani ya miezi michache namba moja ikaondolewa, taarifa za shule na mtaa zikabaki zimetenganishwa, na chombo kikaitwa Landscape. Mwaka 2025 College Board ilitangaza kukiondoa kabisa.

Njia nyingine ni kumpima mtu mwenyewe badala ya mtaa wake. Shule ya udaktari ya UC Davis, tawi la Chuo Kikuu cha California (UC), inatumia kipimo cha 0 hadi 99 kinachotazama mambo kama kipato cha familia, elimu ya wazazi, na kama mwombaji alikulia eneo lenye upungufu wa huduma za afya. Kwangu hiki ni cha haki zaidi, ila kinadai maswali mengi na majibu yanayoweza kuthibitishwa.

5. Kwa nini wasiangalie kipato cha mzazi tu, mambo yakaisha?

Kwa sababu kipato ni picha ya mwaka mmoja. Familia mbili zinaweza kupokea mshahara ule ule. Moja inamiliki nyumba, haina deni na babu ameacha akiba, nyingine inapanga na inamtunza mgonjwa. Kwenye fomu zinafanana.

Kuna kikwazo kingine cha kiofisi. Vyuo vinavyodahili bila kutazama uwezo wa kulipa huweka ukuta kati ya ofisi ya udahili na ile ya misaada ya fedha, ili umaskini usimponze mwombaji. Ukuta huo huo unamzuia msomaji wa faili kuona kipato ambacho kingempandisha, kwa hiyo anabahatisha kwa dalili: kazi ya mzazi, msimbo wa posta, ombi la kusamehewa ada.

6. Tajiri akihamia mtaa maskini, au maskini akisoma shule ya matajiri?

Hapo kipimo cha mtaa kinateleza. Uskoti ni mfano mzuri. Huko vyuo hutazama faharasa inayopanga maeneo kwa ugumu wa maisha, na anayeishi katika asilimia 20 ya maeneo magumu zaidi anaweza kupewa masharti nafuu ya kuingia. Mjini mpango huo unanasa wengi inaowalenga. Vijijini na visiwani, ambako nyumba ya maskini iko jirani na ya mwenye nacho, eneo zima huonekana la wastani na mtoto wa mvuvi asiye na kitu hahesabiki.

Kila kipimo kina mtu kinachomsahau. Chuo kinachotangaza kipimo kipya ningekiuliza kwanza kinamsahau nani, na kuna mlango gani mwingine wa mtu huyo kujieleza.

## Rangi, ukoo na mitihani

7. Vyuo vya Marekani bado vinaruhusiwa kutazama rangi?

Kwa namna ilivyokuwa zamani, hapana. Mwaka 1978, katika kesi ya Bakke, Mahakama ya Juu ilikataa mpango wa shule ya udaktari ya UC Davis uliotenga nafasi 16 kati ya 100 kwa waombaji wa jamii za wachache, lakini ikaruhusu rangi iwe kigezo kimoja miongoni mwa vingine. Mwaka 2003 zilikuja kesi mbili za Chuo Kikuu cha Michigan kwa siku moja. Shule yake ya sheria, iliyosoma kila faili kwa ujumla wake, ilishinda. Mfumo wa shahada ya kwanza ulishindwa.

Mfumo huo ulioshindwa unastahili kutazamwa kwa karibu. Ulikuwa na alama 150, na 100 zilimhakikishia mtu nafasi. Kutoka jamii ya wachache: 20. Kuwa mkazi wa jimbo: 10. Alama kamili kwenye SAT: 12. Mzazi aliyesoma hapo: 4. Zile 20 zingeweza pia kupatikana kwa kuwa mwanamichezo wa kusajiliwa au kwa hali duni ya kiuchumi, ila hazikujumlishwa mara mbili. Watu walikasirishwa na 20 za rangi, na hizo ndizo mahakama ilizozikataa. Ila karatasi ile ilikuwa na ukweli mmoja: iliweka wazi bei ya kila kitu. Vyuo vingine vilikuwa na bei zao, ila hazikuandikwa popote.

Tarehe 29 Juni 2023, katika kesi dhidi ya Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, mahakama ilizuia kutumia rangi kama kigezo cha udahili. Iliacha upenyo: mwombaji anaweza kusimulia jinsi rangi ilivyogusa maisha yake, na chuo kinaweza kuupima ujasiri au uwezo unaojitokeza katika simulizi hiyo. Kinachopimwa kiwe mtu na alilolifanya. Rangi peke yake haihesabiwi.

8. Si wangetumia umaskini badala ya rangi na kupata matokeo yale yale?

Si yale yale. Kwa idadi, maskini wengi wa Marekani ni wazungu, hata kama umaskini umezibana zaidi jamii za Waafrika Wamarekani. California ilipiga marufuku kigezo cha rangi kwa kura ya mwaka 1996, na vyuo vyake vikubwa, Berkeley na UCLA, vilishuhudia idadi ya wanafunzi weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini ikishuka ghafla, ingawa vilitumia fedha nyingi kuwatafuta waombaji maskini.

Texas ilikwenda njia nyingine. Sheria ya 1997 ilimpa nafasi katika vyuo vya umma kila aliyemaliza ndani ya asilimia 10 ya kwanza ya darasa lake, shule yoyote ile. Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin kilifurika hadi ikabidi kisogeze kikomo chake chini ya asilimia 10. Wachumi Sandra Black, Jeffrey Denning na Jesse Rothstein waliwafuatilia wanafunzi hao. Walioingia kwa mlango huo kutoka shule ambazo hazikuwa zikipeleka watu Austin walinufaika: wengi zaidi walihitimu. Waliosukumwa nje walisoma kwingine na hawakuonekana kuharibikiwa.

Mpango huu ni rahisi na kila mtu anauelewa. Lakini unafanikiwa kwa sababu shule zimetengana kwa rangi na kipato. Zikichanganyika kesho, unapoteza nguvu. Unategemea ugonjwa ule ule unaoutibu.

9. Na watoto wa waliosoma chuoni hapo?

Huu nao ni upendeleo, ila unaelekea juu. Uchambuzi wa takwimu zilizotolewa mahakamani katika kesi ya Harvard ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 40 ya wazungu waliodahiliwa walikuwa wanamichezo wa kusajiliwa, watoto wa wahitimu, watoto wa wafanyakazi wa chuo, au waliokuwa kwenye orodha maalumu ya mkuu wa udahili, ambako jamaa wa wafadhili hupatikana. Mwaka 2023 Raj Chetty, David Deming na John Friedman walionyesha kwamba mtoto wa familia iliyo katika asilimia 1 ya matajiri ana uwezekano zaidi ya mara mbili wa kusoma vyuo vya juu kabisa kuliko wa tabaka la kati mwenye alama zile zile.

Rudia maneno hayo: alama zile zile. Anayelalamika kwamba mtoto maskini anapewa nafasi asiyoistahili angeanzia hapa.

Colorado ilikataza upendeleo huu katika vyuo vya umma mwaka 2021. California imeukataza hata kwa vyuo binafsi kwa sheria ya 2024. MIT hawautumii, Johns Hopkins na Amherst wameuacha.

10. Kufanya mtihani kuwa hiari kulisaidia maskini?

Kidogo, na si kila mahali. Janga la 2020 liliwafungia watu vituo vya mtihani, vyuo vingi vikasema alama zitumwe kwa hiari. Waombaji wakaongezeka. MIT waliurudisha mtihani mwaka 2022. Dartmouth, Yale, Brown na Harvard wakatangaza kuurudisha mwaka 2024. Hoja ya Dartmouth inafundisha: waligundua wanafunzi wa mazingira magumu walikuwa wanaficha alama ambazo zingewasaidia. Mtoto aliona alama yake iko chini ya wastani wa chuo akaona aibu kuituma, kumbe kwa shule aliyotoka ilikuwa alama ya ajabu. Vyuo vya UC kwa upande wao viliacha kabisa kutazama SAT, na hata alama za wanaotuma hazisomwi.

## Kwingineko duniani

11. Nchi nyingine zinafanyaje?

India hutenga nafasi waziwazi. Katika taasisi za serikali kuu asilimia 15 ni za tabaka zilizoitwa haziguswi, 7.5 za makabila ya asili, 27 za jamii nyingine zilizoachwa nyuma, na tangu 2019 kuna 10 za maskini walio nje ya makundi hayo. Kwa lile kundi la 27 kuna chujio: familia iliyokwisha kuneemeka, ambayo Wahindi huiita tabaka la malai, haihesabiki. Ni wazo la busara, na mabishano kuhusu kikomo chake hayaishi.

Brazili, kwa sheria ya 2012, ilitenga nusu ya nafasi za vyuo vikuu vya shirikisho kwa waliosoma sekondari yote katika shule za umma, kisha ndani ya nusu hiyo ikagawa kwa kipato na kwa uwiano wa rangi wa kila jimbo. Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mwaka 1990 kuwaongezea wasichana alama 1.5. Uingereza vyuo vingi hutoa masharti nafuu: kozi inayodai daraja fulani humpokea mwombaji wa mazingira magumu kwa daraja moja au mawili chini yake.

## Malalamiko

12. Je, huku si kumnyang'anya aliyejitahidi?

Nafasi zikiwa chache, kila anayeingia amechukua nafasi ambayo mwingine aliitamani. Hilo ni kweli kwa kigezo chochote, hata alama tupu. Na juhudi haionekani kwa jicho; kinachoonekana ni matokeo ya juhudi, na hayo huchanganyika na bahati ya kuzaliwa wapi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mara nyingi mwenye mwalimu wa ziada hajui kwamba ana kitu.

Malalamiko ninayoyaona yana uzito ni ya yule wa katikati: mzazi wake analipa kodi ya nyumba kwa shida lakini hahesabiki maskini, na hana mjomba aliyesoma Harvard. Mifumo mingi haina jibu zuri kwake.

13. Aliyeingia na alama za chini hatashindwa masomo?

Wasiwasi huu una wasomi wanaoutetea, na kwa masomo kama uhandisi, ambako hatua ya pili hujengwa juu ya ya kwanza, si wa kupuuzwa. Lakini ushahidi wa Texas (swali la 8) unakwenda kinyume chake. Kinachoangusha mara nyingi ni mambo ya baada ya kuingia: mwanafunzi anafanya kazi saa 25 kwa wiki, hajui kwamba profesa ana saa za kupokea wanafunzi, bweni linafungwa likizo na hana pa kwenda.

## Kwa mwombaji mwenyewe

14. Niandike umaskini wangu kwenye insha?

Ukiwa ndio unaoeleza ulivyo, ndiyo. Ukiona unaandika kwa sababu mtu amekwambia "wanapenda shida", acha. Insha kuu ya fomu ya pamoja ya Marekani, Common App, ina maneno 650 tu. Kuna sehemu nyingine ya maelezo ya ziada, na humo ndimo pa kuweka ukweli mkavu: "Kidato cha tatu nilikosa shule wiki saba kwa sababu ya ugonjwa wa mama." Sentensi moja kama hiyo inafafanua alama zilizoshuka bila kuomba machozi ya mtu.

15. Sina shughuli za ziada. Nimekwisha?

Kijana mmoja niliyemsaidia aliacha orodha ya shughuli tupu. Fomu ina nafasi kumi, kila moja maelezo ya herufi 150. Nikamuuliza anafanya nini akitoka shule. Akasema hafanyi kitu. Nikamuuliza nani anapika nyumbani. Ni yeye. Nani anawachukua wadogo shuleni? Ni yeye. Nani anamsomea bibi barua za hospitali? Kimya, halafu akacheka.

Katika orodha ya aina za shughuli kuna majukumu ya familia, imeandikwa kabisa. Tulijaza: saa 22 kwa wiki, wiki 52 kwa mwaka. Kazi ya kulipwa nayo huandikwa, hata ya kuuza duka la mjomba.

16. Ada ya maombi inanishinda.

Omba msamaha wa ada ndani ya fomu yenyewe. Mshauri wa shule huthibitisha. Hakuna anayekushusha kwa hilo.

17. Niombe mapema ili nipate nafasi kwa urahisi?

Angalia ni mapema ya aina gani. Ile inayokufunga inakutaka ukubali ukichaguliwa, kabla hujalinganisha misaada ya vyuo vingine. Asiye na wasiwasi wa fedha hana cha kupoteza, ndiyo maana wengi huona njia hii inawapendelea wenye nacho. Ukifungwa na msaada usitoshe, vyuo vingi hukubali ujiondoe kwa sababu hiyo, lakini uliza kwanza na upate jibu la maandishi.

18. Ninaomba nikiwa nje ya Marekani. Hali yangu itazingatiwa?

Itasomwa, ila kwa zana chache zaidi. Takwimu za sensa yao hazifiki mtaani kwako, kwa hiyo wasifu wa shule (swali la 3) na barua ya mwalimu hubeba mzigo mkubwa. Mwombe mwalimu aandike darasa lilikuwa na wanafunzi wangapi na vitabu vingapi, usidhani wanajua.

Suala gumu ni fedha. Ruzuku ya Pell, ambayo serikali huwapa wanafunzi wenye kipato cha chini, haiwahusu wanafunzi wa kigeni, na vyuo vingi hutazama uwezo wa kulipa wa mgeni kabla ya kumdahili, hata kama kwa raia havitazami. Visivyotazama hata kwa mgeni ni vichache: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst wamo.

19. Nikitia chumvi kidogo?

Chuo kinaweza kufuta nafasi hata baada ya kuanza masomo. Huko Brazili, baada ya watu kujitangaza weusi ili wapate nafasi zilizotengwa, vyuo viliunda kamati za kuwaangalia waombaji ana kwa ana, jambo lenye ubishi wake. Udanganyifu wa mmoja huwaletea wengine ukaguzi wa kuwadhalilisha.

20. Maisha yameharibika baada ya kutuma maombi: mzazi amefukuzwa kazi, au amefariki. Nimechelewa?

Hujachelewa. Andikia ofisi ya udahili ujumbe mfupi wenye tarehe, na umwombe mshauri wa shule atume taarifa yake. Kwa upande wa fedha, ofisi ya misaada inaweza kuhesabu upya ukileta uthibitisho, maana fomu zao hutumia kipato cha mwaka uliopita au wa kabla yake. Ziandikie zote mbili. Ofisi hizo mbili mara nyingi hazisomeani barua.